Kwani Bi Harusi Hasomi kwa Raha Yake?

Leo nina jambo limenikaa rohoni.

Juzi tulikuwa tunapanga sanduku la mpwa wangu. Udi upo, kanga zipo, marashi yapo. Na vitabu vitatu, vyote vya kumfunza namna ya kumridhisha mume. Nikatia na changu: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Kelele zilizozuka! "Riwaya zinamharibu mtoto." Aliyesema hivyo, Mungu amsitiri, hakosi tamthilia ya Kituruki hata usiku mmoja.

Sivikatai vitabu vya ndoa. Vya fiqhi ni wajibu, tena visomwe kabla ya akdi. Lakini mimi nasema cha kusoma baada ya Isha, vyombo vishaoshwa, umejinyoosha kitandani. Hicho nacho achaguliwe na somo?

Wanataja Mwana Kupona katika kila singo, kama kwamba alikuwa anatoa amri tu. Bibi yule alikuwa mtunzi! Mwaka 1858 alimtungia binti yake utenzi mzima, na utenzi hautungwi na mtu asiyeonja utamu wa maneno ya wengine.

Nadhani kilichowatisha ni Yasmin. Binti mdogo, anaozwa kwa mtu mzima asiyemtaka, mwishowe anatoroka. Simsifu kwa kila alilotenda. Mwenye akili hasomi riwaya kama fatwa. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa bikira aombwe idhini. Sasa kisa cha asiyeombwa kina ubaya gani kusomwa na bi harusi? Au tunaogopa ataanza kuuliza maswali? Na aulize. Bora aulize sasa kuliko baada ya fungate.

Na hata kisingekuwa na funzo lolote, ningekitia. Kitu cha halali hakihitaji kuombewa radhi kwa sababu tu kinafurahisha. Kisikupitishe Sala, kisikutie katika haramu, basi. Wanaume wanacheza bao barazani tangu Alasiri, nani anawauliza wamefunzwa nini?

Tuligombana nusu saa. Mwisho bi harusi mwenyewe akacheka: "Shangazi, hicho tulikisoma kidato cha sita, kwa mtihani!" Serikali ilishamharibu, sisi tunabishana. Yeye anataka Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon.

Kesho nakwenda kukitafuta mjini. Sanduku lisifungwe mpaka nirudi.