Mwana wa Nyumbani na Kiti cha Kuazima

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Wasia huo twausikia mara kwa mara katika mambo ya ndoa na ya ujirani, lakini ni nadra kuusikia ukitajwa katika kandanda, na huko ndiko ulikopuuzwa mno. Kwa miaka mingi vyama vya mpira vya bara letu vimekuwa na desturi moja. Mzalendo hukabidhiwa timu wakati wa dhiki, akaivusha mto wenye mamba. Na siku ya karamu ikiwadia, huletwa mgeni akalie kiti. Juma hili, ndugu wasomaji, tutazame maisha ya mtu aliyeionja desturi hiyo na bado akaishinda: marehemu Stephen Keshi wa Nigeria.

Keshi alizaliwa tarehe 23 Januari 1962. Alisoma katika shule ya St. Finbarr's College mjini Lagos, ambayo ilisifika kwa kandanda kama ilivyosifika kwa vitabu. Alikuwa mlinzi wa kati, mwenye kimo na sauti ya kuamrisha, na mapema katika miaka ya 1980 alikwisha kuingia katika timu ya taifa. Wenzake walimpa jina la "Big Boss", yaani Bosi Mkubwa, na jina hilo halikumtoka hadi kufa kwake.

Mwaka 1985 chama cha mpira cha nchi yake kilimfungia asicheze. Mwingine angekaa kitako akalia. Keshi alifunga virago akaenda Kodivaa, akachezea Stade d'Abidjan na kisha Africa Sports, na kutoka huko akavuka bahari hadi Ubelgiji. Alianzia Lokeren, na mwaka 1987 akajiunga na Anderlecht, klabu kubwa ya nchi hiyo, ambako alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1991. Siku hizo Wanigeria waliokuwa wakicheza mpira wa kulipwa Ulaya walihesabika kwa vidole. Njia aliyoifyeka yeye ilipitwa na wengi baadaye, na vijana kadhaa walisaidiwa naye kuipata milango ya klabu za huko.

Mwaka 1994, huko Tunisia, Nigeria iliishinda Zambia mabao 2 kwa 1 katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Zambia hiyo ndiyo iliyojengwa upya baada ya ndege ya timu yao kuanguka karibu na Gabon mwaka uliotangulia. Keshi ndiye aliyekuwa nahodha wa kikosi cha Nigeria, ingawa hakucheza kila mchezo. Mwaka huo huo alicheza mchezo mmoja wa Kombe la Dunia, dhidi ya Ugiriki, kisha miguu yake ikaelekea machweo.

Alikwenda Marekani kujifunza ualimu wa mpira, akarudi kuwa msaidizi wa Shaibu Amodu katika timu ya taifa ya Nigeria. Wawili hao waliifikisha timu katika Kombe la Dunia la 2002. Lakini mwanzoni mwa mwaka huo, baada ya Nigeria kukosa ubingwa wa Afrika nchini Mali, waliachishwa kazi, na fainali za Dunia wakaziona kama watazamaji. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza.

Somo la pili lilimkuta Togo. Aliichukua timu hiyo mwaka 2004, nchi ndogo ambayo haikuwa imecheza Kombe la Dunia hata mara moja. Kundi lao la mchujo lilikuwa na Senegali, iliyofika robo fainali ya Dunia miaka miwili tu kabla, pamoja na Zambia, Mali, Kongo na Liberia. Togo walipoteza mchezo wao wa kwanza mbele ya Zambia. Lakini tarehe 8 Oktoba 2005 waliifunga Kongo mabao 3 kwa 2 mjini Brazzaville, wakawa wa kwanza katika kundi na kukata tiketi ya kwenda Ujerumani. Kijana Emmanuel Adebayor peke yake alikuwa amefunga mabao 11.

Je, Keshi alikwenda Ujerumani? Hakwenda. Mwanzoni mwa 2006 Togo ilishindwa michezo yake yote mitatu katika Kombe la Afrika nchini Misri, mwalimu na Adebayor wakakosana, na mara ile kazi ikachukuliwa na Otto Pfister, Mjerumani. Huko Ujerumani Togo ilishindwa michezo yote mitatu vilevile, tena kambi ikavurugika kwa ugomvi wa posho. Aliyelima shamba hakualikwa kwenye mavuno, na mavuno yenyewe hayakupatikana.

Aliifundisha Mali kuanzia 2008 hadi 2010, kisha mwishoni mwa mwaka 2011 akaitwa nyumbani. Nigeria ilikuwa imekosa hata kufuzu kwa Kombe la Afrika la 2012. Hapo ndipo Keshi alipofanya jambo ambalo wengi waliliona la kichaa. Aliwaacha nje baadhi ya watu mashuhuri waliocheza Ulaya, akiwamo Peter Odemwingie, na kwenda Afrika Kusini mwaka 2013 akiwa na wachezaji sita kutoka ligi ya nyumbani. Alishikilia kwamba kijana anayecheza Kano au Enugu, akifundishwa na kuaminiwa, hapungukiwi na kitu.

Mwanzo ulikuwa mzito. Walitoka sare na Burkina Faso, wakatoka sare na Zambia, wakaishinda Ethiopia kwa shida. Robo fainali ikawakutanisha na Kodivaa ya akina Didier Drogba na Yaya Touré, na hata nyumbani kwao wengi walikwisha kuwakatia tamaa. Nigeria ilishinda mabao 2 kwa 1, na bao la ushindi lilifungwa na Sunday Mba, mmoja wa wale sita. Mali ikapigwa mabao 4 kwa 1. Tarehe 10 Februari 2013, mjini Johannesburg, Burkina Faso ikafungwa bao 1 kwa 0. Mfungaji? Sunday Mba tena, katika dakika ya 40. Keshi akawa mtu wa pili katika historia kulitwaa kombe hilo akiwa mchezaji na akiwa mwalimu pia, baada ya Mahmoud El-Gohary wa Misri.

Kesho yake alitangaza kwamba anajiuzulu. Alieleza kuwa hakuona kuungwa mkono na wakubwa wake wakati mashindano yalipokuwa yakiendelea. Baada ya mazungumzo na viongozi wa michezo alikubali kuendelea, lakini fikirini, wasomaji: bingwa wa Afrika, kombe li mkononi, aandika barua ya kuondoka! Na baadaye mwaka huo huo ilijulikana kuwa alikuwa amefanya kazi miezi kadhaa bila mshahara. Kila mama mwenye kuendesha nyumba anajua miezi ya namna hiyo huwaje. Ni vigumu kumtaka mtu alijenge taifa huku jikoni kwake moto haujakoka.

Mabingwa hao hao tuliwaona hapa jirani. Mwezi Machi 2013 Kenya iliwabana kwao Calabar, wakaponea sare ya 1 kwa 1 katika dakika za nyongeza. Mwezi Juni wakashinda Nairobi kwa bao moja la Ahmed Musa. Walikwenda Brazil mwaka 2014, na safari hii Keshi hakunyang'anywa kiti. Aliivusha timu hadi duru ya pili, jambo ambalo hakuna mwalimu Mwafrika aliyewahi kulifanya katika Kombe la Dunia kabla yake. Bao lililoifunga Bosnia lilitoka kwa Odemwingie, yule yule aliyeachwa mwaka uliotangulia kisha akarudishwa. Ufaransa ndiyo iliyowatoa, kwa mabao 2 kwa 0.

Si haki kumfanya marehemu malaika. Ubingwa wake hakuweza kuutetea: Nigeria ilishindwa kufuzu kwa Kombe la Afrika la 2015. Alikuwa mgumu wa shingo, na ugomvi wake na wachezaji haukuwa mmoja. Mwalimu anayeshindwa lazima aulizwe. Hoja yetu ni kwamba mizani iwe moja. Mgeni akishindwa, husemwa kuwa wachezaji hawana nidhamu. Mzalendo akishindwa, husemwa kuwa hana elimu. Mgeni hupewa nyumba, gari na muda. Mzalendo hupewa pole. Keshi alifukuzwa, akarudishwa, na mwezi Julai 2015 akafukuzwa tena.

Mwezi Desemba mwaka huo mkewe alifariki kwa maradhi ya saratani. Keshi mwenyewe alimfuata tarehe 7 Juni 2016, mjini Benin, akiwa na umri wa miaka 54. Siku chache tu baadaye Shaibu Amodu naye akafariki. Nigeria ikawapoteza katika mwezi mmoja watu wawili walioipigania kwa jasho moja, na ambao ilikuwa imewafukuza pamoja.

Lakini mbegu haikuoza. Mwaka 2019 Algeria ilitwaa Kombe la Afrika ikiwa chini ya Djamel Belmadi, mchezaji wake wa zamani. Waliyemshinda fainali alikuwa Aliou Cissé wa Senegali, nahodha aliyekosa penalti katika fainali ya 2002. Cissé alikuwa kazini tangu 2015, na baada ya kushindwa huko Senegali haikumfukuza. Mwezi Februari 2022 akawaletea kombe lao la kwanza. Mwaka 2024 Emerse Faé aliichukua Kodivaa katikati ya mashindano, timu ikiwa mahututi, akatwaa ubingwa. Na katika fainali hiyo aliifunga nani? Nigeria, iliyokuwa ikifundishwa na Mreno.

Katika nchi zetu hizi wapo wachezaji wa zamani wengi wenye akili ya mpira, ambao leo wanafundisha watoto katika viwanja vya vumbi bila hata filimbi ya maana. Viongozi wa vyama wawapeleke masomoni, wawape mikataba iliyoandikwa, wawalipe mwisho wa mwezi kama walipwavyo wageni, na wawavumilie walau mashindano mawili kabla ya kuwahukumu. Nasi mashabiki, timu ikifungwa Jumapili, tusiwe wa kwanza kudai mzungu Jumatatu.