Mwenzako akichukua fomu: stori ya Wesley na Tarah Korir

 

Mwezi huu tuongee kuhusu ubunge. Subiri, usifunue ukurasa kwanza! Sina mpango wa kukuuzia chama. Nazungumzia siku ile mwenzako anarudi nyumbani, anavua viatu, anakaa kwenye kochi na kusema: "Mpenzi, watu wananiomba nigombee." Hapo ndipo siasa inapoingia sebuleni kwako, na hakuna aliyekufundisha jibu.

Nimelichukulia suala hili upande wa wanamichezo kwa sababu moja. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, kijana wa Ikungi mkoani Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros alipewa muda huohuo, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue kwa tofauti ya sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Na sisi Watanzania tunajuana: mtu akitupa raha ya namna hiyo, zawadi ya kwanza inayotujia kichwani ni cheo. "Huyu tumpe jimbo!"

Kwa Simbu mwenyewe mjadala unaishia hapo kwa sasa, maana ni askari wa JWTZ, na Katiba yetu inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Lakini swali lenyewe halijafa. Mwanamichezo akiingia bungeni inakuwaje? Na nyumbani kwake inakuwaje?

Jirani zetu Kenya wana jibu lenye jina na tarehe.

Kijana wa Kitale

Wesley Korir alizaliwa mwaka 1982 maeneo ya Kitale, kaunti ya Trans-Nzoia, katika familia ya hali ya chini. Mbio zilimpeleka Marekani kusoma, akaishia Chuo Kikuu cha Louisville, jimbo la Kentucky. Usidhani alikuwa supastaa. Alifanya kazi za matengenezo ya majengo hapo chuoni ili mkono uende kinywani, huku akijifua kwa mazoezi.

Mwaka 2008 aliingia Chicago Marathon bila kupewa nafasi ya kuanza na wakali. Alianzia nyuma pamoja na umati, wale wanaokimbia na simu mfukoni. Matokeo yalipotoka alikuwa wa nne kwa jumla! Mwaka uliofuata akashinda Los Angeles Marathon, akarudi mwaka 2010 akashinda tena. Kisha ikaja Boston, Aprili 2012, siku yenye joto la karibu nyuzi 30, hadi waandaaji wakawaruhusu watu kuahirisha kushiriki. Wenzake walitoka kwa kasi, yeye akabaki nyuma akihesabu pumzi zake, kisha akaanza kuwaokota mmoja mmoja mpaka akabaki peke yake mbele. Alimaliza kwa saa 2:12:40 na kuondoka na dola 150,000.

Sasa tuje kwenye kinachotuhusu sisi wa ukurasa huu. Hapo Louisville alikutana na Tarah McKay, mwanariadha kutoka Kanada. Wakapendana, wakaoana. Wawili hawa hawakuunganishwa na mapenzi na mazoezi ya asubuhi tu. Walianzisha taasisi, Kenyan Kids Foundation, ya kusaidia watoto wa kwao Wesley kusoma na jamii kupata matibabu. Suala la matibabu lilikuwa na kidonda ndani yake: Wesley alimpoteza kaka yake kwa kuumwa na nyoka, na hospitali ilikuwa mbali.

Ishike hiyo sehemu, tutairudia. Kazi ilianza kabla ya kiti.

Hela ya mbio na hela ya kura

Uchaguzi wa Kenya wa Machi 4, 2013, Wesley aligombea jimbo la Cherangany kama mgombea binafsi. Hakuwa na chama nyuma yake, na alikuwa akipambana na Joshua Kutuny, mbunge aliyekuwa madarakani. Akashinda. Uchaguzi huohuo, jimbo la Chesumei kaunti ya Nandi lilimpeleka bungeni Elijah Lagat, aliyeshinda Boston mwaka 2000. Bunge moja, mabingwa wawili wa Boston!

Kwetu njia aliyopita Korir haipo. Katiba yetu inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliipeleka hoja hiyo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha, na Juni 2013, miezi mitatu tu baada ya ushindi wa Korir, mahakama ikasema katazo hilo linakiuka haki. Hata hivyo hadi leo mgombea binafsi haruhusiwi. Kwa hiyo mwenzako akisema anagombea, jua anaanza na kura za maoni ndani ya chama, vikao vya usiku, na watu wengi wanaotaka "kuwezeshwa" kabla hata kampeni haijaanza. Nani analipa? Mara nyingi ni akaunti ile mliyofungua pamoja mkisema ni ya kiwanja.

Tena usidanganyike na mshiko wa mbunge. Kwenye karatasi kazi yake ni tatu: kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali. Mtaani kazi zake ni mia: mchango wa msiba, ada ya mtoto wa jirani, jezi za timu ya kata, mabati ya darasa, nauli ya mgonjwa. Mlango wenu utagongwa saa kumi na mbili asubuhi, na anayefungua mlango mara nyingi ni yule ambaye jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura.

Viatu viwili kwa mguu mmoja

Korir hakutundika viatu. Aprili 15, 2013, wiki sita baada ya kuchaguliwa, Mheshimiwa alikuwa Boston akitetea taji lake. Akashika nafasi ya tano kwa saa 2:12:30. Ndiyo siku ileile ya mabomu kwenye mstari wa kumalizia. Aliendelea hivyo kwa miaka, mguu mmoja bungeni Nairobi, mwingine barabarani.

Agosti 21, 2016, marathoni ya Olimpiki Rio de Janeiro. Kenya ilipeleka watu watatu: Eliud Kipchoge, Stanley Biwott na Mheshimiwa Wesley Korir. Kipchoge akachukua dhahabu. Biwott na Korir hawakumaliza. Na unajua nani alishika nafasi ya tano siku hiyo? Yule kijana wetu wa Singida, Simbu, kwa saa 2:11:15.

Sisemi Korir alishindwa kwa sababu ya ubunge. Marathoni inaweza kumwangusha yeyote, hata Biwott hakuwa na jimbo. Ila mtu yeyote mwenye kazi mbili anajua hesabu yake. Kilomita 42.195 zinataka usingizi, chakula kwa wakati na miezi ya mazoezi bila kukatizwa. Jimbo linataka uwepo msibani Jumamosi na kikaoni Jumanne. Mwili ni mmoja, na siku ina saa 24 kwa kila mtu.

Wapo waliolaumiwa waziwazi kwa hilo. Bondia Manny Pacquiao wa Ufilipino alikuwa mbunge kuanzia 2010, kisha seneta kuanzia 2016 hadi 2022, na katika miaka ya ubunge alisemwa sana kwa utoro huku akiendelea kupanda ulingoni. George Weah wa Liberia alikwenda njia nyingine: soka aliliacha kwanza, akashindwa urais mwaka 2005, akawa seneta mwishoni mwa 2014, na hatimaye rais kuanzia Januari 2018 hadi Januari 2024. Huyu alipokezana vijiti, hakuvibeba vyote pamoja.

Hapa kwetu tunaye marehemu Joel Bendera. Yeye alikuwa kocha. Aliifundisha Taifa Stars iliyofuzu fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 kule Nigeria, jambo ambalo hatukulipata tena mpaka 2019. Bendera alikuja kuwa mbunge wa Korogwe Mjini, 2005 hadi 2010, na naibu waziri mwenye dhamana ya michezo, kisha akawa mkuu wa mkoa Morogoro na Manyara. Alifariki Desemba 2017. Alipozungumzia mpira bungeni hakuna aliyeweza kumwambia hajui jasho la benchi.

Kiti kikiondoka

Turudi kwa Korir. Agosti 6, 2017, Simbu alipanda jukwaani London kupokea medali ya shaba ya mashindano ya dunia. Siku mbili baadaye, Agosti 8, Wakenya walipiga kura, na kiti cha Cherangany kikarudi kwa Joshua Kutuny, yuleyule aliyeshindwa mwaka 2013. Na Lagat kule Chesumei naye hakurudi. Mabingwa wawili, muhula mmoja mmoja.

Hapa ndipo wengi wanaposema, "Si unaona? Bora wangebaki na mbio zao." Mimi naona tofauti kidogo. Mwanariadha anajua tangu siku ya kwanza kwamba miguu ina mwisho wake. Akifika miaka 35 au 40 anatafuta jambo la pili la kufanya na maisha yake, na si dhambi jambo hilo likiwa utumishi wa watu. Tatizo ni pale kiti kinapokuwa ndiyo jambo lenyewe. Wesley na Tarah walikuwa wakisomesha watoto kabla jina halijaingia kwenye karatasi ya kura. Sababu ya kufanya hivyo haikutoka kwa mpiga debe yeyote, ilitoka kwenye kaburi la ndugu. Kura zinaweza kukunyang'anya kiti, gari na salamu za "Mheshimiwa". Haziwezi kukunyang'anya sababu uliyokuwa nayo kabla.

Na walikuwa wawili. Fikiria Tarah: binti wa Kanada, mwanariadha mwenye ndoto zake, familia changa, mume anasema anakwenda kuomba kura Trans-Nzoia. Hilo haliamuliwi na mtu mmoja kisha mwingine akapewa taarifa.

Kabla hajachukua fomu

Sasa kama nyumbani kwako harufu ya siasa imeanza kunukia, iwe ubunge, udiwani au hata uenyekiti wa chama cha michezo, kaeni chini mjiulize haya. Zimeni televisheni kwanza.

Moja: tunafanya nini sasa hivi kwa hao watu tunaotaka watuchague? Kama jibu ni "bado, tukipata ndiyo tutaanza," jipangeni upya. Anzeni na mtoto mmoja wa shule au timu moja ya kijiji. Mkishindwa kubeba kidogo, kikubwa kitawaangusha.

Mbili: tuna kiasi gani ambacho kikipotea chote hatutalala njaa? Andikeni namba. Ikifika namba hiyo, mnasimama, hata kama mpambe anaapa kwamba kura ziko mfukoni.

Tatu: nani ataacha nini? Mmoja akienda Dodoma vikao vya bajeti kuanzia Aprili mpaka Juni, mwingine ndiye baba na mama. Kazi yake itaendaje? Isiwe ndoto ya mmoja inakua kwa kula ya mwenzake.

Nne: tukishindwa, au tukishinda na miaka mitano ikaisha, tunarudi kwenye nini? Taaluma isiachwe ikaota kutu. Hata Korir, pamoja na lawama zote za viatu viwili, alibaki na miguu yake.

Na ya tano, ambayo wengi wanaikwepa: je, mwenzako akisema hapana, hapana hiyo itaheshimiwa? Kama haitaheshimiwa, basi hakuombwa ushauri, alitangaziwa. Mtu anayeshindwa kumsikiliza mmoja aliyeko mezani kwake, atawasikilizaje maelfu wa jimbo zima?

Wana Singida, mna kijana aliyewapa dhahabu. Siku akistaafu jeshi na mbio, akitaka jimbo, ni haki yake kama raia mwingine yeyote. Akitaka kulima alizeti zake kwa amani, nayo ni haki yake. Deni letu kwake ni barabara na viwanja vya mazoezi kwa vijana wanaokuja nyuma yake, na hilo halihitaji yeye achukue fomu.

Haya, mpigie mwenzako simu umwambie leo chakula cha usiku kina ajenda. Tukutane mwezi ujao!