Penye Wazee Neno Laweza Kuharibika

Kila muhula mjadala wa vijana na wazee katika uongozi hunifuata darasani. Upande mmoja husema wazee wamekalia viti na hawataki kuondoka. Upande wa pili hujibu kwa methali: penye wazee haliharibiki neno. Baada ya saa nzima ya kurushiana hoja, pande zote mbili huishia kwenye hesabu: vijana wawe wangapi, wazee wangapi, asilimia ngapi kwa asilimia ngapi. Hivi karibuni mwanafunzi mmoja aliniomba nitaje taasisi, isiyo chama cha siasa, iliyojijenga upya kwa kuchanganya rika hizo mbili. Nikamtajia timu ya besiboli. Darasa zima likacheka. Makala haya ni jibu langu kwa kicheko kile.

Besiboli niliifahamu nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika jimbo la Illinois, Marekani. Huko mtu hawezi kuikwepa. Timu ya ligi kuu hucheza michezo 162 kwa msimu, karibu kila siku kwa miezi sita. Mrushaji humrushia mpira mpigaji mwenye gongo, na nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, ambaye miaka ile alimwambia mrushaji mwenzake kwa ishara za vidole aina ya mpira wa kurusha. Msomaji azikumbuke ishara hizo, kwa maana tutazirudia.

Timu ya jirani zangu ilikuwa Chicago Cubs, ambayo haikuwa imetwaa ubingwa tangu mwaka 1908. Oktoba 2011 timu hiyo ilimkabidhi Theo Epstein usukani wa masuala ya mchezo, naye akaamua kuibomoa ili aijenge upya. Wachezaji wenye uzoefu waliuzwa mmoja baada ya mwingine ili wapatikane chipukizi. Mwaka 2012 timu ilipoteza michezo 101. Mwaka 2013 ikapoteza 96. Mwaka 2014 ikapoteza 89. Mashabiki waliendelea kulipa viingilio kutazama timu ambayo uongozi wake wenyewe haukutarajia ishinde. Gharama ya namna hiyo ni nadra kuandikwa katika mipango ya mageuzi: wapo watu wanaoambiwa wasubiri, na wanaosubiri si wale waliopanga.

Wala kukusanya vijana si dhamana ya chochote. Nchini Marekani timu huchagua chipukizi kwa zamu kila mwaka, na zilizofanya vibaya ndizo hutangulia. Mwaka 2013 timu ya Houston Astros ilichagua ya kwanza, ikamchukua mrushaji Mark Appel. Chicago ikafuata kwa kumchukua Kris Bryant. Bryant alitangazwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa mwaka 2016. Appel hakuwahi kuichezea Houston hata mchezo mmoja wa ligi kuu. Alikanyaga uwanja wa ligi hiyo mwaka 2022, akiwa na timu ya Philadelphia na umri wa miaka 30. Wote wawili walikuwa vijana, na wote walisifiwa na wataalamu. Anayedai kwamba ujana peke yake ni sifa ya uongozi na azitazame safari hizo mbili.

Chicago ilipoona chipukizi wake wanakaribia kukomaa, ilianza kutafuta wakongwe. Miongoni mwao alikuwa mdakaji David Ross, aliyepewa mkataba wa miaka miwili kwa dola milioni 5, fedha ndogo kwa viwango vya ligi ile. Kwa takwimu za kupiga mpira, Ross hakuwa wa kuajiriwa: wastani wake mwaka 2015 ulikuwa 0.176, yaani chini ya mapigo 18 yenye mafanikio kwa kila majaribio 100. Afisa utumishi anayesoma majedwali tu angemwondoa. Lakini Ross alikuwa na kazi mahususi. Alimdakia Jon Lester, mrushaji waliyetwaa naye ubingwa mjini Boston mwaka 2013, na aliwafundisha vijana namna ya kuishi ndani ya msimu mrefu. Tena, kabla ya msimu wa 2016 alitangaza kwamba huo ndio wa mwisho kwake. Kila mtu alijua anaondoka lini, na kijana aliyekuwa akijifunza udakaji nyuma yake, Willson Contreras, hakuwa na sababu ya kumwombea mabaya.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 2016 Chicago ilicheza mchezo wa saba, wa kuamua bingwa, dhidi ya Cleveland. Vinasa sauti vya televisheni vilimnasa Anthony Rizzo, nyota wa miaka 27, akimkiri Ross kwamba ameshindwa kuzuia wasiwasi wake. Mzee yule wa miaka 39 hakumkemea wala hakumdanganya. Alimwambia aendelee kupumua, na kwamba hali itazidi kuwa ngumu. Ross mwenyewe alipoingia uwanjani alirusha mpira vibaya, na muda mfupi baadaye Cleveland ikapata pointi mbili. Zamu yake ya kupiga ilipofika akaupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja. Vijana wake wakajifunza kwa macho kwamba kosa halimalizi mchezo. Baadaye, matokeo yakiwa 6 kwa 6, mvua ilisimamisha mchezo kwa dakika 17. Aliyewaita wenzake katika chumba cha mazoezi ili awatie moyo alikuwa Jason Heyward, mwenye miaka 27, ambaye msimu mzima alikuwa amepiga vibaya. Hakuwa chipukizi tena, wala mkongwe. Chicago ilishinda 8 kwa 7.

Ningeishia hapo, makala haya yangekuwa hekaya njema ya kuwapendeza wazee, na wanaharakati wangekuwa na haki ya kunishuku. Kuna mambo mawili yanayoharibu hekaya hiyo.

La kwanza ni namna kijana anavyolipwa. Mwaka 2015 Bryant alifunika wengine wote katika michezo ya maandalizi, lakini Chicago ikamrudisha ligi ya chini kwa siku chache, ikisema bado anahitaji kujifunza. Alipopandishwa tarehe 17 Aprili, siku zake za utumishi kwa msimu ule ziliishia 171. Mwaka kamili wa utumishi ulihesabiwa kwa siku 172. Kwa upungufu wa siku moja, timu ilipata haki ya kukaa naye mwaka mmoja zaidi kabla hajawa huru kutafuta mwajiri mwingine. Chama cha wachezaji kilipeleka malalamiko, na mapema mwaka 2020 msuluhishi akaamua kwa faida ya timu. Watumishi waliokaa muda mrefu katika ajira za kujitolea, au waliokaimu cheo pasipo kuthibitishwa, hawahitaji maelezo zaidi. Neno “uzoefu” laweza kuwa elimu, na laweza kuwa kisingizio cha kupunja. Kilichosaidia hatimaye kilikuwa majadiliano ya pamoja, wala si huruma ya mwajiri: mkataba wa mwaka 2022 uliwapa mwaka kamili wa utumishi wachezaji wapya wanaoshika nafasi mbili za juu katika kura ya mchezaji bora mpya.

La pili ni zito zaidi, nalo linatupeleka Houston. Timu hiyo ilipita njia ileile ya Chicago, tena kwa ukali zaidi: mwaka 2013 ilipoteza michezo 111. Ikakuza vijana kama Carlos Correa na Alex Bregman, na kwa msimu wa 2017 ikamwajiri Carlos Beltrán, mkongwe aliyetimiza miaka 40 na aliyeheshimiwa katika ligi nzima. Mwaka huohuo Houston ikawa bingwa. Kwa karatasi, mchanganyiko ulikuwa kamili.

Januari 2020 ripoti ya Kamishna wa besiboli ilieleza kilichokuwa kikitendeka. Kamera iliyowekwa mbali uwanjani ilikuwa ikinasa ishara za vidole za mdakaji wa timu pinzani. Wachezaji wa Houston walizitazama kwenye skrini iliyowekwa karibu na benchi lao, kisha wakagonga pipa la taka ili kumjulisha mpigaji aina ya mpira unaokuja. Ripoti ilimtaja Beltrán, mchezaji pekee wa kikosi kile kutajwa kwa jina, miongoni mwa waliojadili namna ya kuuboresha wizi huo. Ilimtaja pia Alex Cora, msaidizi wa meneja. Meneja, A.J. Hinch, hakuupenda mpango ule. Mara mbili aliiharibu skrini kuonyesha kuchukia kwake. Lakini hakuwaambia wachezaji wake waache. Timu ilitozwa faini ya dola milioni 5. Hinch na meneja mkuu Jeff Luhnow wakafungiwa mwaka mmoja na kufukuzwa kazi. Beltrán, aliyekuwa ameteuliwa kuiongoza New York Mets, aliachia nafasi hiyo kabla ya kuiongoza katika mchezo hata mmoja.

Basi pale Houston wazee walikuwapo, na neno likaharibika mikononi mwao. Ross na Beltrán walitofautiana mwaka mmoja tu wa umri walipotwaa ubingwa. Wote waliheshimiwa, na wote walisikilizwa na vijana. Heshima ni chombo: hubeba asali, na hubeba sumu vilevile, na kijana aliyefundishwa kunywa pasipo kuuliza atakunywa vyote viwili. Kwa hiyo hoja yangu kwa darasa langu ni kwamba uwiano wa rika haupimwi kwa idadi. Unapimwa kwa maswali matatu. Mkongwe huyu amepewa kazi gani ya kurithisha, na ataimaliza lini? Kijana huyu analipwa kwa kazi anayoifanya, au kwa ahadi ya kesho? Na mkongwe akipotoka, nani ndani ya chumba ana nguvu ya kumwambia “hapana” na kesho yake akabaki na nafasi yake?

Msomaji uliye katika utumishi wa umma, yaulize maswali hayo ofisini kwako kabla ya kuhesabu mvi. Mwanaharakati unayedai asilimia fulani ya viti kwa vijana, dai lako ni halali, lakini Correa na Bregman walikuwa na viti na pipa likaendelea kugongwa. Kiti kisicho na kinga kwa anayesema ukweli ni pambo.

Kikosi cha Chicago nacho hakikudumu. Mwishoni mwa Julai 2021, katika muda wa siku mbili, Rizzo, Bryant na Javier Báez waliuzwa kwa timu tatu tofauti, na meneja aliyeshuhudia kuondoka kwao alikuwa David Ross. Kujenga upya kukaanza tena. Sioni ajabu katika hilo, kwa kuwa taasisi yoyote iliyo hai italazimika kuijibu mara nyingi hesabu hii ya rika.

Kinachonikosesha usingizi ni Hinch. Mwaka 2017 alikuwa na miaka 43. Mimi leo nina 46. Sisi wa rika hili tuko katikati: tunaona makosa ya waliotutangulia, na vijana wanatutazama tutafanya nini. Nimehudhuria vikao ambamo jambo lisilo sawa lilipitishwa na mkubwa ninayemheshimu, nami nikatoka nje nimekunja uso, nikalalamika kwenye korido, nikarudi kuketi. Nilijiona nimepinga. Sasa najua kwamba nilikuwa nikivunja skrini tu. Mwanafunzi wangu aliyeuliza swali lile hakuniuliza hilo, lakini ana haki ya kulijua kabla hajaniita mwalimu wake.