Herufi Moja, Baiti Mbili

Wanachuo wenzangu, wapo wanaosema somo la asembli limewekwa ili watu wapate sapu tu. Mimi nasema lina kazi, na kazi hiyo inafika hadi Matwebe, kule Rungwe.

Kiswahili kinatumia herufi za kawaida, kila moja baiti moja. Ukiunganisha "habari" na "yako", unatafuta sifuri inayofunga neno la kwanza, unanakili la pili baiti kwa baiti, basi. Desa limefanya kazi.

Sasa lete Kinyakyusa. Lugha hii ina irabu saba, na katika tahajia inayozionyesha zote, mbili huandikwa ɨ na ʉ. Neno abandʉ, yaani watu, lina herufi sita. Katika UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ni baiti saba, kwani ʉ inachukua mbili: CA na 89. Kuunganisha kunakwenda salama. Ila aliyetenga nafasi kwa kuhesabu herufi anaikata ʉ katikati, na mwisho wa neno unakuwa takataka.

UTF-16, inayotumika ndani ya Windows, ni balaa zaidi. Humo hata a ni baiti mbili: 61, kisha 00. Programu ya desa ikikutana na 00 inadhani neno limekwisha. Inanakili a, inaacha mengine. Watu wote wamepotea!

Dawa ni kuhesabu kwa jozi: SCASW badala ya SCASB, MOVSW badala ya MOVSB, mwisho uwe baiti mbili za sifuri, na nafasi ipimwe kwa baiti.

Mtasema lugha za kisasa zinafanya hayo zenyewe. Sawa, lakini nyuma yake yupo mtu aliyeandika, na kama alijaribu Kiingereza tu, hasara inatuangukia sisi. Tayari SMS ya herufi 160 inashuka hadi 70 ukiweka ʉ moja. Mzee wa Matwebe akiona neno lake limekatwa, atadhani lugha yake ndiyo mbovu, ataandika u yaishe.

Walimu watupe walau zoezi moja kila muhula kwa lugha za kwetu. Wasipotupa, jamani, tujipe wenyewe. Kila mmoja aanze na neno la bibi yake.