Mficha Maradhi na Wanaomfichisha

Wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii ni ya kweli, na kwa miaka mingi imetumika katika mihadhara ya Ukimwi kuwahimiza vijana wakapime damu. Walakini kila niisikiapo naona kwamba imesomwa upande mmoja tu. Yamlaumu mwenye kuficha. Haimtaji anayemfanya afiche. Hapana mwanachuo afichaye malaria, wala aonaye haya kuwaambia wenzake kwamba amevunjika mkono. Mtu huficha maradhi pale ajuapo kwamba yakijulikana atapoteza kitu akithaminicho kuliko afya yake, nacho ni nafasi yake kati ya watu. Nataka basi kusema neno juu ya upande wa pili wa methali, na lawama yangu nawaelekezea wale ambao wangalipaswa kuwa wa mwisho kulaumiwa: wanafunzi wa vyuo vyetu vikuu, na sisi tuwafundishao.

Maoni yaliyoenea ni kwamba unyanyapaa ni mtoto wa ujinga. Ongeza elimu, twaambiwa, na unyanyapaa utakufa wenyewe. Mimi siyakubali maoni haya. Zamani yalikuwa na ukweli. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, watu wa huko hawakujua maradhi yale yalikotoka wala namna yalivyoambukizwa. Waliyaita Juliana, kwa jina la vazi lililokuwa likipendwa sana siku zile. Binadamu huogopa asichokijua, na hofu yao ilikuwa na udhuru. Lakini mwanachuo wa leo ana udhuru gani? Wengi wao walizaliwa baada ya Rais Benjamin Mkapa kutangaza, tarehe 31 Desemba 1999, kwamba Ukimwi ni janga la taifa. Walikuwa watoto wadogo Rais Jakaya Kikwete alipopimwa damu hadharani, Julai 2007. Habari za virusi wamefundishwa katika shule ya msingi, wakafundishwa tena katika sekondari, na chuoni wamezikuta zikiwangoja. Kama ujinga ungalikuwa ndio mama wa unyanyapaa, mwana angalizikwa zamani pamoja na mamaye.

Nitasimulia jambo moja lililonitoa katika imani hiyo. Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha alikuwako mwanafunzi wa kike aliyekuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya virusi. Alizitoa vidonge katika kopo lake, kwa kuwa kopo hulia likitikiswa, akavifunga katika kipande cha khanga na kuvitia chini kabisa ya sanduku. Siku moja mwenzake wa chumba alifungua sanduku lile akitafuta sindano na uzi, akaviona. Hapana aliyemtukana. Hapana aliyepeleka habari kwa msimamizi wa bweni. Ila jioni ile vikombe vya chai, ambavyo tangu mwanzo wa mwaka vilikuwa vya shirika, vilitengwa. Kesho yake ndoo ya kuogea ikaandikwa jina. Baada ya siku tatu kitanda cha jirani kikabaki kitupu, na mwenye kitanda akasema kwamba ametafuta chumba chenye upepo.

Juma lile lile wenzake watatu walifanya mtihani wa somo la taaluma za maendeleo. Swali moja liliwataka waeleze njia ambazo virusi vya Ukimwi haviwezi kuambukizwa. Nilisahihisha karatasi zao mimi mwenyewe. Wote watatu waliandika, kwa mwandiko safi, kwamba virusi haviambukizwi kwa kushirikiana vikombe, sahani, choo wala ndoo za kuogea. Niliwapa alama zote, kwa kuwa majibu yalikuwa sahihi. Habari ya vikombe nilikuja kuijua baadaye, yule binti alipokuja kuniaga. Hakufukuzwa na mtu. Alifukuzwa na vikombe.

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi elimu ile ilikuwa ya namna gani. Haifai kusema kwamba wanafunzi wale walikuwa waongo. Nasadiki kwamba waliyaamini waliyoyaandika. Hawakuogopa mate katika kikombe. Kikombe kilichotengwa hakikuwa kinga, kilikuwa hukumu. Kilisema kwa ukimya kwamba wewe si mwenzetu. Unyanyapaa wa msomi hautokani na kutojua namna virusi vipitavyo. Watokana na kudhani kwamba ajua mtu wa namna gani hupatwa navyo.

Dhana hiyo waliitoa wapi? Tuliwafundisha sisi. Kwa miaka mingi maradhi haya yalitangazwa kwa picha za mafuvu na mifupa, na kwa maneno yaliyoyaita mshahara wa uasherati. Hivyo kijana alisoma masomo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza lilikuwa la damu na virusi. La pili lilikuwa la watu wema na watu wabaya. La kwanza liliulizwa katika mtihani, likasahauliwa baada ya mtihani. La pili halikuulizwa kamwe, likakaa moyoni.

Lugha yetu ni shahidi. Katika ukumbi wa mihadhara mwanachuo husema kwa adabu “watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi”. Akitoka nje, akikaa kantini pamoja na rafiki zake, husema kwamba fulani amekanyaga miwaya, au ana ngoma, na meza nzima hucheka. Ana ulimi wa mtihani na ulimi wa kantini, na ulimi anaouishi ni huo wa pili. Wasomaji wa kurasa hizi, ambao kazi yao ni kupima maneno, wasipite upesi juu ya mzaha huu. Aliyekanyaga waya wa umeme ni maiti. Hapana anachongojewa ila kuzikwa. Basi mzaha huo, mbali ya ukatili wake, ni uongo wa kitabibu. Ulikaribia kuwa kweli siku ambazo dawa hazikuwako. Si kweli tena tangu mwaka 1996, ilipothibitika kwamba dawa zikitumiwa kadha kwa pamoja huvizuia virusi. Wala si kweli katika Tanzania tangu mwaka 2004, dawa hizo zilipoanza kutolewa bila malipo. Tangu mwaka 2016 anayegunduliwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja kinga ya mwili wake ishuke. Aanzaye mapema na kudumu nazo aweza kusoma, kufanya kazi, kuoa au kuolewa, kuzaa watoto wasio na virusi, na kuzeeka.

Tena liko jambo kubwa zaidi. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 9, Kenya na Malawi zikiwamo, kwa jozi 1,763 za wapenzi ambao mmoja wao alikuwa na virusi. Kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizo kwa mwenzi kwa asilimia 96. Mwaka 2016 utafiti mwingine, uliofanywa Ulaya kwa jozi 888, haukuona hata ambukizo moja kutoka kwa mwenzi ambaye virusi vyake vilikuwa vimezimwa kwa dawa. Maana yake ni kwamba mtu atumiaye dawa hata virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hapa nakiri kwamba ujinga upo. Wanafunzi wawezao kukariri njia zote za maambukizo hushangaa wakiambiwa habari hii. Lakini ni ujinga wa aina ya pekee: tuliwafundisha kwa bidii kila kilichotisha, tukaiacha habari njema nje ya mlango.

Na mlangoni ndipo tunapopoteza watu. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa na virusi. Kati ya kila 100 wa watu hao, karibu 83 walijua hali yao. Kati ya kila 100 waliojua, karibu 98 walikuwa wakitumia dawa. Kati ya kila 100 waliotumia dawa, karibu 94 virusi vyao vilikuwa vimezimwa. Tazama, msomaji, pengo liko wapi. Liko katika hatua ya kwanza, ya kujua. Na kwa vijana pengo hilo ni pana zaidi kuliko kwa wazee wao. Akiisha kuingia, mtu hupata dawa, na dawa hufanya kazi. Kadhalika iko dawa ya dharura iwezayo kumkinga mtu aliyekwisha kukutana na hatari, ila sharti aianze kabla ya saa 72 kupita. Ni saa ngapi kati ya hizo zapotea kijana akizunguka zunguka mbele ya zahanati, akiangalia kama yuko anayemjua? Sheria ya mwaka 2008 yakataza unyanyapaa, na mabadiliko ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe na kumwezesha kijana wa miaka 15 kupimwa kwa hiari yake. Sheria imefanya sehemu yake. Haiwezi kuingia bwenini kuchanganya vikombe.

Wako watakaonijibu kwamba aibu ni kinga. Kwamba tukiiondoa, vijana watafungua mlango wa ufisadi. Hoja hii yastahili kujibiwa, maana wanaoitoa ni watu wa heshima na nia yao ni njema. Nasema kwamba aibu hii haifanyi kazi waliyoikabidhi. Haimzuii mtu usiku anapofanya tendo. Humzuia asubuhi anapotaka kwenda kupima. Haipunguzi makosa, yapunguza tiba. Tena madarasani mwetu wamo vijana waliozaliwa na virusi, wakanywa dawa tangu utotoni, wakafaulu mitihani ile ile waliyofaulu wenzao. Aibu yawaadhibu hao kwa kosa gani? Wala sisemi hivi ili tuwagawe wagonjwa kuwa wenye hatia na wasio na hatia, kwa kuwa huko kugawa ndiko kunakotenga vikombe. Tabibu haulizi mguu ulivunjikia wapi kabla ya kuufunga.

Nini kifanywe? Sitaki mihadhara zaidi ya namna ile ile. Nataka kwanza somo lianze na habari ya dawa, na hofu ikae mwisho, kwa kipimo chake. Pili, zahanati za vyuo ziache kuwaweka watu hawa katika benchi la peke yao na dirisha la peke yao. Wangoje pamoja na wenye malaria na wenye mafua, waitwe kama wengine. Tatu, chumba cha bweni kiwe na kabati lenye kufuli kwa kila mwanafunzi, ili pasiwe na haja ya kufunga dawa katika khanga. Nne, na hili halihitaji fedha wala kibali cha mtu, mwanachuo akisikia mzaha wa miwaya mezani asicheke.

Hujafa hujaumbika, walisema wazee. Niliyemwaga siku ile mlangoni pa ofisi yangu alikuwa na alama nzuri, na dawa zake alikuwa hajaacha kuzinywa hata siku moja. Virusi havikumshinda, tulimshinda sisi. Karatasi za wenzake watatu bado ninazikumbuka, na kama ningaliweza kuzisahihisha upya nisingaliwanyima alama, maana waliyaandika yaliyo kweli. Ningaliandika tu pembeni, kwa wino mwekundu, swali moja: vikombe viko wapi?