Simu ya mama haina kosa

Nilikuwa likizo nyumbani Ujiji, nimerudi chuo juzi, begi lote linanuka dagaa. Leo nina hoja moja tu: jamani, tunaharakisha mno kutoa hukumu.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu na ugonjwa wake ni PES. Si PES ya leo. Ni ile ya zamani ambayo Konami waliitengeneza kwa ajili ya PSP, halafu mashabiki wakaifumua na kuweka jezi na wachezaji wapya, ndizo hizo wanaziita pachi. Anachezea simu ya mama kwa PPSSPP, ile emuleta aliyoianzisha Henrik Rydgård mwaka 2012, inayoifanya simu ijifanye PSP. Dogo kaunda humo timu yetu ya Mashujaa, mchezaji mmoja mmoja. Tangu Mashujaa ipande Ligi Kuu mwaka 2023 hasikii la mtu.

Basi gemu likaanza kugoma. Anafungua, anaendeleza ligi yake, mpira unataka kuanza, paap! Linajifunga. Akavuruga mipangilio yote, wapi. Akaenda kwa fundi, fundi kaishika simu sekunde mbili: "Imechoka hii, tuiflashi." Elfu kumi.

Hapo ndipo niliporuka. Ndani ya simu ile kuna sauti za bibi, Mungu amrehemu, alizokuwa anamtumia mama kutoka Kibirizi. Hazipo kwingine. Ukiflashi, bibi anaondoka mara ya pili.

Nikamkalisha dogo barazani.

"Lilianza lini kugoma?"

"Juzi, dada."

"Juzi ulifanya nini?"

Kimya. "Niliweka pachi mpya."

Ehee! Tukaanza kupima kitu kimoja kimoja. Tukarudisha mipangilio ya emuleta kama ilivyokuja: likagoma. Tukafungua gemu lingine: likaenda safi. Kwa hiyo simu nzima. Tukaanzisha pachi mpya toka mwanzo, bila kuendeleza ligi: likacheza dakika tisini! Kwa hiyo pachi nayo nzima.

Kumbe dogo hahifadhi ndani ya gemu. Anabonyeza kitufe cha emuleta, kinachogandisha kumbukumbu yote ya PSP kama ilivyo dakika ile. Emuleta inalijua gemu kwa namba yake, na pachi zote mbili zina namba moja, maana mama yao ni mmoja. Ikawa inaleta kumbukumbu ya zamani ndani ya faili jipya. Ni kama kumwamsha mtu usiku kwenye nyumba iliyohamishwa milango. Lazima agonge ukuta.

Tukatafuta faili la zamani kwa rafiki yake, tukafungua ligi, safari hii tukahifadhi ndani ya gemu. Amebaki na pachi ya zamani. Mashujaa wake bado wanaongoza.

Sasa sisi tunaosoma ualimu. Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana nilimwandikia mtoto kwa kalamu nyekundu "Huelewi, rudia yote." Baadaye nikaangalia vizuri daftari lake: hesabu zote kumi alikosea mahali pamoja, alama ya kutoa nje ya mabano. Kosa moja, si kumi. Mimi nilikuwa yule fundi, niliflashi mtoto wa watu bila kumuuliza lilianza lini.

Kabla ya kusema mtoto mzito au simu imechoka, uliza nini kilibadilika, halafu gusa kitu kimoja kwa wakati. Ukigusa vyote, hata ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Sauti za bibi nimejitumia, sasa zipo kwenye laptop hapa hosteli. Tulipaswa kufanya hivyo siku nyingi. Nanyi zenu mmeziweka wapi?

Naomba kutoa hoja.