Mama, Panda Baiskeli: Njia Tatu za Tabora



Katika nyumba nyingi za mkoa wa Tabora baiskeli ipo. Imeegemezwa ukutani, au usiku huingizwa ndani na kulazwa kando ya magunia ya mahindi. Baiskeli hiyo ni ya baba. Baba huenda nayo mnadani, kwenye shamba la tumbaku na msituni kwenye mizinga ya nyuki. Mtoto wa kiume naye hujifunza mapema, akipitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu kwa sababu kiti hakifikii. Lakini mama wa nyumba hiyo hubeba ndoo kichwani, mtoto mgongoni na jembe begani, akatembea kwa miguu. Binti yake humfuata nyuma.

Mwezi huu napenda tuzungumze habari hiyo bila kuoneana haya. Nitaeleza namna mama au binti anavyoweza kujifunza baiskeli, na njia tatu za Tabora kulingana na uwezo wa kila mmoja: anayeanza, aliyezoea kidogo na aliyekomaa.

Mwanamke aliyeomba punda

Fungua Biblia yako, kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4. Yule mama Mshunami alipofiwa na mtoto wake alimwita mumewe, akamwomba mtumishi mmoja na punda mmoja, amwendee Elisha upesi. Mumewe alishangaa. Aliuliza kwa nini aende siku hiyo, nayo si sabato wala mwezi mpya. Mama hakubishana naye. Alimtandika punda, akamwambia mtumishi asipunguze mwendo, akaenda. Tunajua jinsi habari ile ilivyoisha: mtoto alirudishiwa uhai.

Angalia mambo mawili. La kwanza, mama yule aliomba kwa heshima. La pili, alijua kupanda. Kama angekuwa hajawahi kupanda punda, siku ya shida isingekuwa siku ya kujifunza. Mtoto wako akishikwa na homa kali usiku, na baba yuko safarini, na baiskeli ipo ukutani, utafanya nini?

Wako watakaosema kwamba siku hizi kuna bodaboda. Ni kweli, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini bodaboda hudai nauli kila safari, na si kila kitongoji kinaipata usiku. Baiskeli ukishainunua, nauli yake ni jasho lako.

Maneno yanayowazuia akina mama

Kwanza husemwa kwamba si heshima. Heshima inategemea mavazi na mwenendo. Shona sketi pana yenye kugawanyika kama suruali, au vaa suruali fupi ndani ya gauni pana. Kanga ifunge vizuri, ncha zake zisifike kwenye cheni wala spoku, maana hapo ndipo wengi huanguka. Baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, itakurahisishia kupanda na kushuka.

Pili husemwa kwamba baiskeli huharibu kizazi, au humwondolea binti ubikira. Mji wa mimba umekaa ndani, umekingwa na mifupa ya nyonga. Kukaa juu ya kiti cha baiskeli hakumfanyi mwanamke kuwa tasa. Na ubikira haupotei barabarani. Mwenye mimba, aliyejifungua karibuni au aliyefanyiwa upasuaji ndiye anayepaswa kuzungumza kwanza na mkunga wake. Tena, mtoto mchanga asifungwe mgongoni mwa mama anayejifunza.

Tatu husemwa kwamba mwanamke akijua baiskeli atazurura. Jibu la neno hili haliko kwenye baiskeli. Kama hakuna uaminifu katika nyumba, miguu pia huzurura.

Maneno haya si ya kwetu peke yetu. Huko Marekani, Bibi Frances Willard, aliyekuwa kiongozi wa chama cha akina mama Wakristo cha kupiga vita ulevi, alijifunza baiskeli akiwa na umri wa miaka 53, wakati wanawake waliopanda baiskeli walisemwa vibaya. Mwaka 1895 alitoa kitabu kizima cha kueleza jinsi alivyojifunza. Basi mama wa miaka 40 asiseme kwamba amechelewa.

Kabla ya njia: uwanja

Anzia uwanja wa shule au wa kanisa, jioni jua likipoa, mkiwa wawili au watatu. Shusha kiti mpaka nyayo zako zote mbili zikanyage chini. Usiguse pedali kwanza. Jisukume kwa miguu, hatua baada ya hatua, mpaka uweze kuinua miguu yote na baiskeli ikatembea bila kuyumba. Tazama mbele unakokwenda, usitazame gurudumu. Jifunze kufunga breki kabla ya kujifunza mwendo, na breki ya nyuma ianze. Baada ya hapo ndipo uweke mguu kwenye pedali. Ukishakuwa imara, inua kiti kidogo kidogo ili magoti yasichoke.

Njia ya kwanza, kwa anayeanza: Kwihara

Tabora imekaa kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na nchi yake ni tambarare. Hii ni neema kwa anayeanza. Kutoka mjini mpaka Kwihara, upande wa kusini-magharibi, hakufiki kilomita 10. Hakuna mlima wa kukutoa machozi. Kinachosumbua ni mchanga.

Katika mchanga usifunge breki ghafla na usikate kona kwa nguvu. Shika usukani bila kuukaza, endelea kukanyaga polepole, uzito wako ukae nyuma. Kupunguza upepo wa tairi kidogo husaidia. Mchanga ukikushinda, shuka usukume. Hata wanaume hushuka.

Huko Kwihara utaliona tembe ambamo Dakta Livingstone aliishi mwaka 1872. Stanley alikuwa naye hapo mpaka mwezi wa Machi, wakaagana; Livingstone akabaki mpaka Agosti akisubiri wapagazi. Kwihara ni moja ya vituo sita vya njia kuu ya zamani ya misafara ambavyo nchi yetu iliviorodhesha mwaka 2006 kwa kusudi la kuvipendekeza UNESCO viwe urithi wa dunia, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji.

Pumzika chini ya mwembe, mnywe maji, muwasimulie watoto. Waambieni kwamba katika njia hii Wanyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi, mwendo wa miezi kati ya hapa na pwani. Waambieni kwamba akina mama nao walikuwemo: wengine wake za wapagazi, wakibeba vyungu na kupika kambini, na wengine watumwa ambao hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kazi ya wapagazi wa masafa marefu ikafifia. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Binti anayepita leo hapo kwa baiskeli, akienda atakako na kurudi kwao jioni, anatumia uhuru ambao mwanamke mwingine aliulilia katika mchanga uleule.

Njia ya pili, kwa aliyezoea: Igombe

Ukishaenda Kwihara na kurudi mara kadhaa bila kuanguka, jaribu kwenda bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji, ambalo kwa miaka mingi liliwapa watu wa Tabora maji. Hii ni safari ya nusu siku, kwenda na kurudi. Ondokeni saa 12 asubuhi, mkiwa watu wanne au zaidi, ili jua la saa 6 liwakute mmeshapumzika. Mwezi wa Septemba na Oktoba joto ni kali. Kila mmoja achukue maji yaliyochemshwa yasiyopungua lita 2, na kofia au kilemba.

Katika safari hii lazima mmoja wenu ajue kuziba pancha. Bebeni pampu, solusheni, viraka, kipande cha msasa na spana. Msimwachie fundi elimu hiyo peke yake, kwa maana fundi hayuko porini. Mwombeni awafundishe siku moja na mumlipe. Kazi yenyewe ni ya nusu saa.

Wakati wa masika jihadharini na mbuga. Udongo wake mweusi hunasa kwenye tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ukiona njia inaingia mbugani baada ya mvua, zunguka, au beba baiskeli begani. Kipindi kizuri ni kuanzia Mei, mvua zikishakatika.

Njia ya tatu, kwa waliokomaa: Urambo

Kutoka Tabora mpaka Urambo ni kama kilomita 90 kuelekea magharibi. Hii si safari ya kujaribu nguvu. Ni ya walioifanyia mazoezi miezi kadhaa. Igaweni kwa siku mbili, mlale Usoke kwa wenyeji au kwa ndugu wa kanisa mliowapa taarifa mapema. Barabara kuu ni ya lami, ina mabasi na malori. Pandeni mmoja nyuma ya mwingine, kando kabisa upande wa kushoto, na msipande usiku. Palipo na njia za vijijini, ulizeni wenyeji na mzifuate; ni ndefu zaidi lakini zina amani.

Katika miombo mtakutana na mbung'o. Wadudu hawa hufuata kitu kinachokwenda, tena hupenda rangi nyeusi na ya buluu. Vaeni nguo za rangi iliyopoa na zenye mikono mirefu. Mtu akipata homa na maumivu ya kichwa yasiyokwisha baada ya safari, aende hospitali na amweleze daktari kwamba aliumwa na mbung'o, maana huweza kuleta malale. Msipite pia karibu na mizinga wakati wa kurina asali.

Urambo palikuwa makao ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Hapo pia Wamoraviani walipokea kazi ya Injili mwaka 1898 kutoka Shirika la Misheni la London. Wajumbe wale wa kwanza walifika kwa miguu na kwa machela. Ninyi mtafika kwa magurudumu mawili, mkaimbe kwaya Jumapili, na Jumatatu mrudi na habari za wenzenu. Kutembeleana kwa vikundi vya akina mama kusingoje tena gari la dayosisi.

Na binti yako?

Mwaka 2006 serikali ya jimbo la Bihar, huko India, ilianza kuwapa wasichana walioingia darasa la 9 fedha za kununua baiskeli. Watafiti waliofuatilia walikuta kwamba idadi ya wasichana walioandikishwa sekondari iliongezeka kwa karibu theluthi moja, na faida ilikuwa kubwa zaidi katika vijiji vilivyo mbali na shule. Wazazi wa kule nao walikuwa na maneno yao ya heshima. Lakini wasichana walipopita barabarani makundi kwa makundi, maneno yalipoa.

Sisi tunajua kinachompata binti anayetembea kilomita 7 asubuhi na 7 jioni. Hufika amechoka. Njiani hukutana na mwenye pikipiki anayempa lifti leo, kesho chipsi, na mwezi wa tatu anaacha shule akiwa na mimba. Tunamlaumu binti, tunamkemea kanisani. Je, tulimpa njia nyingine ya kufika shuleni?

Kwa hiyo nashauri hivi. Vikundi vyetu vya upatu na VICOBA viwe na zamu ya baiskeli, kama tulivyokuwa na zamu ya vyombo na vitenge. Baba, nawe unayesoma ukurasa huu wa akina mama, baiskeli yako iwe ya nyumba nzima siku ambazo huihitaji. Na Jumamosi moja shika kiti nyuma wakati mkeo anajifunza. Atakumbuka mkono huo kwa miaka mingi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kijiji chenu, ni safari gani za mama ambazo baiskeli ingezifupisha?
2. Mshunami alimwomba mumewe kwa namna gani? Sisi huomba vipi?
3. Ni wasichana wangapi wa usharika wenu wanaokwenda shule ya mbali kwa miguu, na mwaka huu mnaweza kumsaidia nani?

Tuombe

Bwana Yesu, wewe ulitembea njia za vumbi na unajua uchovu wa miguu. Walinde mama zetu na binti zetu njiani. Lainisha mioyo ya waume na baba zetu. Utupe hekima ya kutumia vizuri kile ulichokwisha kutupa nyumbani. Amina.

Hadi mwezi ujao, Mungu awabariki.